Imani kwa kiongozi huanzia kwenye mizani: Utafiti wa uongozi na funzo la wakulima wa Masimba

MKULIMA wa majani chai katika eneo la Masimba, Kaunti ya Kisii, hufanya jambo ambalo wasomi wa uongozi wamelichunguza kwa zaidi ya nusu karne. Hukabidhi mali yake mikononi mwa watu wengine kabla ya kujua atalipwa kiasi gani.

Majani hupimwa katika kituo cha kununulia, hupakiwa kwenye lori, husindikwa kiwandani na kuuzwa katika mnada wa Mombasa. Malipo ya kila mwezi huja kwanza, na bonasi hufuata baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Katika safari hiyo ndefu mkulima hayupo. Wapo karani, meneja na mkurugenzi aliyempigia kura. Kilichobaki kwake ni imani.

Imani hiyo hutoka wapi? Ikivunjika, huacha nini nyuma yake? Maswali haya hayawahusu wakuzaji wa chai peke yao. Yanamhusu mwanachama wa chama cha akiba na mikopo, mzazi anayechangia ujenzi wa shule, muumini anayetoa sadaka na mfanyakazi anayesubiri mshahara. Makala haya yanaeleza yale ambayo utafiti umebaini kuhusu viongozi, wafuasi na imani katika mashirika, na kuyapima kwa hali halisi ya Gusii.

Maneno na maana zake

Kiswahili kimeyatenga vizuri mambo ambayo watu wengi huyachanganya. Imani ni ya mfuasi: ndiye anayeamini. Uaminifu ni sifa ya kiongozi: ndiye anayestahili kuaminiwa au asiyestahili. Mtu anaweza kuwa mwaminifu na bado asiaminiwe, kama vile tapeli anavyoweza kuaminiwa na kijiji kizima. Neno la tatu ni utii, nalo ni jambo jingine kabisa. Mtu aweza kutii kwa kuogopa faini, kufutwa kazi au aibu, huku moyoni hana imani hata chembe.

Kutokana na shina hilohilo tumepata neno amana, yaani mali iliyowekwa kwa mtu ili aitunze na kuirejesha. Hapo lugha yenyewe inatufundisha kwamba cheo katika shirika ni mali ya wengine iliyowekwa kwa muda.

Mwaka wa 1995 wasomi watatu wa Marekani, Roger Mayer, James Davis na David Schoorman, walitoa maelezo ambayo hadi leo hutumiwa sana katika somo hili. Kwa mujibu wao, kumwamini mtu ni kukubali kujiweka katika hatari ya kuumizwa na matendo yake, kwa kutarajia kwamba atafanya jambo lenye manufaa kwako, hata kama huna uwezo wa kumsimamia. Penye uhakika kamili imani haihitajiki. Huhitajika pale tu ambapo mtu anaweza kupoteza kitu.

Wasomi hao walitaja nguzo tatu ambazo mfuasi huzitazama kabla ya kumwamini kiongozi. Ya kwanza ni uwezo: je, kiongozi anaijua kazi? Ya pili ni nia njema: je, anatujali au anajijali? Ya tatu ni uadilifu: je, neno lake na tendo lake vinafanana?

Nguzo moja haiwezi kusimama badala ya nyingine. Mkurugenzi mpole anayehudhuria kila mazishi, lakini asiyeweza kusoma taarifa ya hesabu za kiwanda, ana nia njema bila uwezo. Hodari wa hesabu anayetoa zabuni kwa jamaa zake ana uwezo bila uadilifu. Makosa mengi katika uchaguzi wa viongozi wa mashirika hutokana na kutazama nguzo moja na kudhani kwamba zote zimeonekana.

Mfuasi si mzigo

Kwa miaka mingi vitabu vya uongozi vilimtazama kiongozi peke yake: sauti yake, maono yake, ujasiri wake. Wafuasi walionekana kama udongo unaosubiri mfinyanzi. Mtazamo huo ulianza kubadilika polepole.

Mnamo 1958 mwanasaikolojia Edwin Hollander alieleza kwamba kiongozi hujiwekea akiba machoni pa kundi lake. Akiba hiyo huongezeka kila anapoonyesha umahiri na kuheshimu desturi za kundi. Siku anapotaka kuleta jambo jipya au gumu, huitumia. Asiye na akiba hukataliwa hata kama wazo lake ni jema. Mwanachama yeyote wa chama cha akiba na mikopo ataielewa hoja hii: huwezi kukopa pale ambapo hukuweka.

Mwaka wa 1988 Robert Kelley alichapisha makala yaliyowasifu wafuasi, akawapima kwa mambo mawili: iwapo wanafikiri wenyewe, na iwapo wanashiriki kwa vitendo. Kuna wanaofuata bila kuwaza. Kuna wanaoitikia “ndiyo” kwa kila jambo. Kuna wenye akili pevu waliokata tamaa, wakabaki kunung’unika pembeni. Na kuna wafuasi bora, wanaofanya kazi kwa bidii na kumwambia kiongozi ukweli. Miaka 20 baadaye, mwaka wa 2008, Barbara Kellerman aliandika kitabu kizima kuhusu wafuasi, akionya kwamba hata mtazamaji asiyefanya lolote huathiri mwendo wa shirika, kwa kuwa kimya chake humpa nguvu anayetawala.

Wahenga walikwisha kulisema hilo kwa njia yao: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kosa katika methali hii halimwangukii mgema peke yake. Wapo pia waliomsifu bila kuonja.

Historia ya Gusii: mzee, chifu na shamba

Mambo haya hayakuanzia vyuoni. Kabla ya utawala wa Waingereza, Wagusii hawakuwa na mtawala mmoja juu ya koo zao zote. Mizozo ilipelekwa mbele ya wazee, na nguvu ya uamuzi wao ilitegemea heshima waliyojijengea miongoni mwa watu waliowafahamu tangu utotoni. Penye wazee haliharibiki neno, lakini mzee aliyependelea upande mmoja angejulikana, na watu wasingemwendea tena.

Majeshi ya Waingereza yalishambulia Gusii mwaka wa 1905 na tena 1908, mwaka ambao Otenyo alimchoma mkuki ofisa wa serikali, G.A.S. Northcote. Mfumo wa machifu ulioletwa na wakoloni uligeuza mwelekeo wa mamlaka. Chifu aliwekwa na serikali, na kwa serikali ndiko alikotoa hesabu. Alipata utii, kwa maana alikuwa na askari na kodi. Imani ilibidi aitafute kwa njia nyingine.

Baadhi waliitafuta. Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari, eneo ambalo Masimba imo, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupanda kahawa katika miaka ya 1930, wakati zao hilo lilikuwa limehodhiwa na walowezi. Chifu anayehimiza zao geni kwa maneno huwaomba watu wabebe hatari peke yao. Anayelipanda kwanza katika shamba lake huibeba pamoja nao.

Sambamba na uchifu kulikuwa na ushirikiano wa majirani. Mwanaanthropolojia Philip Mayer, aliyeishi Gusii katika miaka ya 1940, aliandika kuhusu vikundi vya kazi vya Wagusii: risaga, ambapo majirani huitwa kulima shamba la mmoja wao, na egesangio, kikundi kidogo kinacholima mashamba ya wanachama kwa zamu. Katika zamu, kila mtu huona nani amekuja, nani amechelewa na nani amekata mistari mingapi. Hakuna anayehitaji ripoti, kwa sababu shamba lenyewe ndilo ripoti.

Mwaka wa 1960 Robert LeVine wa Marekani alilinganisha Wagusii na Wanuer wa Sudan, jamii mbili ambazo hazikuwa na dola. Alidai kwamba Wanuer walisisitiza usawa na kukataa kuamriwa, ilhali Wagusii walikuwa wamelelewa kuheshimu mamlaka ya mkuu wa boma na kupeleka mashtaka yao mbele ya mwamuzi. Hoja hiyo ni ya wakati wake, na jamii yoyote hubadilika katika vizazi vitatu. Hata hivyo, inaacha swali lenye uzito kwa mashirika ya leo: je, kumheshimu mkubwa kunamzuia mwanachama kumuuliza hesabu?

Ushahidi wa utafiti

Je, imani huleta faida inayoweza kuhesabiwa, au ni maneno matamu tu? Mwaka wa 2000 Kurt Dirks alichapisha utafiti kuhusu timu 30 za mpira wa vikapu za vyuo vikuu vya Marekani. Aliwauliza wachezaji, msimu ukiwa mapema, ni kwa kiasi gani wanamwamini kocha wao, kisha akafuatilia matokeo ya mechi. Timu zilizomwamini kocha zilishinda zaidi, hata baada ya kuzingatia vipaji vya wachezaji na rekodi ya awali. Uhusiano huo ulikwenda pande zote mbili: ushindi wa nyuma uliongeza imani, na imani ikasaidia ushindi uliofuata.

Miaka miwili baadaye Dirks na Donald Ferrin walikusanya tafiti za miongo minne, zenye watu zaidi ya 27,000. Walibaini kwamba imani kwa kiongozi inahusiana sana na kuridhika kazini, kujitolea kwa shirika na nia ya kubaki. Uhusiano wake na kiwango cha kazi ulikuwepo pia, ila ulikuwa mdogo zaidi. Kwa maneno mengine, imani humfanya mtu abaki na ajitolee; haigeuzi kazi mbovu kuwa nzuri kwa usiku mmoja.

Utafiti unaomgusa zaidi mkulima wa chai ni ule wa Jerald Greenberg wa 1990. Kampuni moja ya viwanda nchini Marekani ililazimika kupunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa muda wa wiki kumi. Katika kiwanda kimoja wakuu waliwakusanya wafanyakazi, wakaeleza sababu kwa takwimu, wakaonyesha masikitiko na kujibu maswali. Katika kiwanda cha pili tangazo lilitolewa kwa ufupi na maelezo hayakuwa ya kutosha. Kiwanda cha tatu hakikuguswa. Wizi wa mali ya kampuni uliongezeka katika viwanda vyote viwili vilivyopunguziwa mishahara, lakini palipokosekana maelezo uliongezeka kwa kiasi kikubwa zaidi.

Punguzo lilikuwa sawa na shida ilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa katika maelezo na heshima. Wasomi wa haki ya utaratibu, wakiwemo Allan Lind na Tom Tyler, wamefikia hitimisho la aina hiyo katika mahakama na maofisi: watu huweza kustahimili matokeo mabaya wakiona kwamba njia iliyotumiwa ilikuwa ya haki na kwamba walisikilizwa.

Kusema au kuondoka

Mwaka wa 1970 mwanauchumi Albert Hirschman alitoa kitabu kuhusu mambo ambayo watu hufanya shirika linapodorora. Wazo hilo lilimjia alipokuwa akitafakari matatizo ya reli ya Nigeria. Alisema kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuondoka: mteja hununua kwingine, mwanachama hujitoa. Ya pili ni kusema: kulalamika, kuuliza, kupiga kura, kudai mabadiliko. Kati ya hizo mbili kuna uzalendo kwa shirika, ambao humfanya mtu aseme kwanza kabla ya kuondoka.

Chai ya wakulima wadogo nchini Kenya ni mfano hai. Mamlaka ya kustawisha zao hilo iliundwa mwaka wa 1964 chini ya serikali, na mwaka wa 2000 ikabinafsishwa kuwa KTDA, kampuni inayomilikiwa na wakulima wenyewe kupitia kampuni 54 za viwanda. Inahudumia wakulima wapatao 600,000. Viwanda vya Gusii, kama Kiamokama, Nyamache, Ogembo, Kebirigo na Nyansiongo, ni sehemu ya mtandao huo. Katika maandishi, mkulima ndiye bosi. Lakini kati yake na meza ya uamuzi kuna ngazi kadhaa: kituo, eneo la uchaguzi, bodi ya kiwanda, kisha bodi ya kitaifa. Kadiri ngazi zinavyoongezeka, ndivyo sauti inavyofifia.

Wakulima wamejaribu njia zote mbili za Hirschman. Wapo walioondoka: wameuza majani kwa wachuuzi wanaolipa taslimu, au wamekata chai na kupanda mahindi, ndizi au parachichi. Wengine wamesema: malalamiko kuhusu tofauti ya bonasi kati ya viwanda vya mashariki na vya magharibi mwa Bonde la Ufa yamekuwa ya miaka mingi, na mwaka wa 2025 yalisikika kwa nguvu katika Kisii, Kericho na Bomet.

Sheria ya Chai ya 2020, iliyoanza kutumika Januari 2021, ilirejesha Bodi ya Chai ya Kenya, na Juni mwaka huo wakurugenzi wapya walishika usukani wa KTDA. Mojawapo ya mambo yaliyozua mvutano katika mageuzi hayo lilikuwa iwapo kura ipimwe kwa hisa au kila mkulima awe na kura moja. Huo ulikuwa mjadala kuhusu nani asikilizwe.

Tofauti ya bonasi huweza kuwa na sababu za kweli: bei ya mnada, ubora wa majani, gharama za kuni na umeme, madeni ya kiwanda. Lakini kama utafiti wa Greenberg unavyoonyesha, sababu ya kweli isiyoelezwa humfikia mfuasi ikiwa na sura ya wizi.

Ukaguzi ni mlezi wa imani

Hapa ndipo panapohitaji kusahihishwa dhana iliyoenea. Viongozi wengi huchukulia ombi la kuona hesabu kuwa ni matusi. “Kwani hamniamini?” huuliza, na mkutano hunyamaza. Dhana hiyo huweka imani upande mmoja na ukaguzi upande wa pili, kana kwamba kimoja kikiingia kingine hutoka.

Utafiti wa Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kutuzwa Nobel ya uchumi, mwaka wa 2009, unaonyesha kinyume. Alichunguza jamii zilizotunza malisho, misitu, maji ya mifereji na samaki kwa vizazi vingi bila kuviharibu. Katika jamii zilizofaulu, wakaguzi walikuwa watumiaji wenyewe au watu wanaowajibika kwa watumiaji. Kila mmoja alishika kanuni kwa sababu aliweza kuona kwamba wenzake wanazishika.

Egesangio ilifanya kazi kwa msingi huo, na mizani ya kielektroniki inayotoa risiti katika kituo cha chai hufuata msingi uleule. Uzani ulipoandikwa na karani aliyesoma mizani ya mkono, mkulima alilazimika kumwamini au kumshuku. Akiwa na risiti mkononi anaweza kulinganisha, na kila siku ambayo namba zinalingana humwongezea karani akiba ya imani.

Kinyume chake kimeonekana kwa uchungu. Mwaka wa 2025 ukaguzi maalumu kuhusu KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo nchini, ulifichua hasara ya zaidi ya Sh13 bilioni. Walioweka fedha humo hawakuwa watu wasiojua hesabu. Walikuwa vyama vya akiba vyenyewe, vyenye mameneja, kamati na wakaguzi. Jina kubwa na miaka mingi ya mazoea vilichukua nafasi ya daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria nazo zimeyumba kati ya kuachilia na kubana. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 ilipunguza mkono wa serikali, na marekebisho ya 2004 yakarejesha sehemu ya usimamizi baada ya vyama vingi kuvurugika. Sheria ya vyama vya akiba na mikopo ya 2008 ilianzisha mamlaka ya kuvisimamia, SASRA. Sheria ni muhimu, lakini mkaguzi wa Nairobi hawezi kuwa katika kila mkutano wa kituo. Mwanachama ndiye aliye karibu.

Maswali ya kupimia

Kutokana na tafiti zilizotajwa, mwanachama wa shirika lolote, liwe la chai, la akiba, la shule au la kanisa, anaweza kumpima kiongozi wake kwa maswali haya:

Uwezo: Je, anaweza kueleza hesabu za mwaka kwa lugha ambayo wanachama wanaielewa, bila kumsukumia mhasibu kila swali?

Nia njema: Hasara inapotokea, je, naye hupungukiwa, au huwaumiza wanachama pekee?

Uadilifu: Ahadi ya mkutano uliopita imetimizwa? Kama haikutimizwa, alieleza kabla ya kuulizwa?

Utaratibu: Je, maamuzi makubwa hutangazwa pamoja na sababu zake, na maswali hupewa muda wa kujibiwa?

Sauti: Mtu wa mwisho aliyepinga hadharani alitendewaje? Wengine hujifunza kutokana na yaliyompata.

Daftari: Je, mwanachama wa kawaida anaweza kuthibitisha walau jambo moja kwa macho yake, kama vile uzani, risiti au salio?

Upo pia upande wa mfuasi. Alihudhuria mkutano? Alisoma taarifa kabla ya kupiga makofi? Alimuuliza swali kiongozi anayempenda, au huwauliza tu wale asiowapenda? Shirika lenye wafuasi wanaonung’unika sokoni na kunyamaza ukumbini haliwezi kupata viongozi bora kuliko linavyostahili.

Kwa mkulima wa Masimba, matokeo ya maswali haya yanaonekana ardhini. Mche wa chai huchukua miaka kadhaa kabla ya kuchumwa kikamilifu, na ukitunzwa hudumu kwa miongo mingi. Anayeung’oa leo hawezi kuurudisha msimu ujao, hata kiwanda kikipata mkurugenzi mwadilifu kuliko wote. Kwa hiyo kiongozi wa kiwanda, kama ilivyo kwa kiongozi wa chama chochote, hana sababu ya kungoja mpaka wanachama waanze kuondoka ndipo afungue vitabu. Avifungue wakiwa bado wanauliza, maana anayeuliza hajakata tamaa.